Neno "Mwavuli" na Habari za Kushuka kutoka Angani

Wako walimu, na tumewaona hata katika shule za milimani kwetu Usambara, ambao wakisahihisha insha za watoto hulikata neno mwavuli kila wanapolikuta limetumiwa kwa kile chombo cha nguo ambacho kwacho mtu hushuka salama kutoka katika ndege. Juu yake huandika parachuti kwa wino mwekundu. Sababu yao ni kwamba mwavuli ni wa mvua na jua, huchukuliwa mkononi na kuuzwa sokoni, wala haufai kuitwa jina moja na chombo cha elimu. Twataka kuonyesha hapa kuwa mtoto hakukosa, na kuwa wino ule mwekundu hufuta habari ndefu kuliko wanavyodhani. Hatusemi kuwa parachuti ni neno baya. Limekwisha kuingia katika lugha, na atakaye kulitumia na alitumie. Lakini mwavuli si neno la kubahatisha, wala halikutoka katika ujinga.

Na tuanze na shina lake. Mwavuli ni ndugu wa kivuli, uvuli na mvuli, na wasomaji wetu wanaosoma Zaburi ya 91 kwa wagonjwa walijua neno uvuli tangu zamani. Basi mwavuli kwa asili ni kitu kimtiacho mtu uvulini, si kitu cha kuzuia mvua peke yake. Hapa milimani, ambako ukungu wa asubuhi huingia hata nyumbani na mvua haina adabu ya kubisha hodi, watu wamezoea kuufikiria mwavuli kuwa ni wa mvua tu; na asiye nao hukata jani la mgomba akajifunika kichwa, kazi ikawa ile ile. Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko mwavuli ulikuwa wa jua, na tena ulikuwa wa wafalme. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alimwona sultani akitembea chini ya vitambaa vinne vya hariri vya rangi vilivyoinuliwa juu ya kichwa chake, na juu ya kila kimoja sanamu ya ndege ya dhahabu. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, Wareno wake waliandika kwamba mfalme wa mji alikuja kuonana nao akiwa ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu uliofungwa katika mti. Msomaji na aangalie jinsi mwavuli na ndege walivyokutana katika habari ya Mogadishu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaza kwamba vitu hivi viwili vitakutana tena mbinguni kwa namna nyingine.

Hata katika habari za misheni mwavuli una nafasi yake. Rebmann aliposafiri kwenda Uchagani mwaka 1848, husimuliwa kuwa hakuchukua silaha mkononi ila mwavuli. Mwaka ule ule mwenziwe Krapf alipanda kuja Usambara, akafika Vuga mbele ya Kimweri.

Sasa tuliangalie hilo neno la Kifaransa ambalo walimu wale waliona ni la elimu. Mfaransa aitwaye Louis-Sébastien Lenormand ndiye aliyelitunga, na majaribio yake aliyafanya mwaka 1783. Wafaransa walikuwa na neno parasol, yaani kinga ya jua, na neno parapluie, yaani kinga ya mvua. Yote mawili ni mwavuli. Lenormand alichukua mwanzo wa maneno hayo akaunga mwisho mpya wenye maana ya anguko, akapata parachute, kinga ya anguko. Wala hakufanya hivyo kwa kucheza na maneno, maana majaribio yake ya kwanza aliyafanya kwa miavuli hasa. Alishika miwili, mmoja kila mkono, akaruka kutoka mahali pa juu akatua mzima. Baadaye mwaka ule ule akatengeneza mmoja mkubwa, akauonyesha kwa watu katika mnara wa wachunguza nyota mjini Montpellier. Kwa hiyo mtoto wa Lushoto aandikaye mwavuli ameufikia, bila kujua Kifaransa, mzizi ule ule alioanzia mwenye neno lenyewe. Anayemkata kwa wino amkate na Lenormand pia.

Lenormand alikuwa na nia ya kuwaokoa watu wanaozingirwa na moto katika nyumba ndefu. Safari ya kweli ya angani ilimngoja mwenzake, André-Jacques Garnerin. Tarehe 22 Oktoba 1797, huko Paris, Garnerin alipaa kwa puto kubwa, akakata kamba katika kimo cha kama meta 1000, akashuka katika kikapu chini ya mwavuli wa nguo. Wasomaji wanaoijua Lushoto wakitaka kukifahamu kimo hicho na waende Irente, wasimame juu ya lile jabali, watazame chini kwenye nyika ya Mazinde. Umbali huo wa chini ndio, au karibu sana. Mtu akianguka kutoka kimo hicho bila kitu, hata nusu dakika haitimii kabla ya kufika chini, na mwendo wake utakuwa umekaribia kilometa 200 kwa saa. Akiwa na mwavuli mzuri wa duara atatumia kama dakika tatu, na atagusa ardhi kwa nguvu kama ya mtu aliyeruka kutoka juu ya ukuta wa meta moja na nusu. Mwavuli wa Garnerin haukuwa mzuri. Haukuwa na tundu juu, hewa iliyonaswa ndani ikatafuta njia ya kutokea pembeni, na kikapu kikapepesuka kama kengele inayopigwa. Baadaye watu walijifunza kuacha tundu kileleni, hewa ikapita pole pole, mwavuli ukatulia.

Hapo Kiswahili kina jambo la kusema ambalo Kifaransa hakikulisema. Neno la Lenormand lahesabu anguko tu. Sisi tuna kuanguka, tuna kudondoka, tuna kushuka, na hayo si mamoja. Mwenye kuanguka hakukusudia. Kinachodondoka ni tunda, chozi, punje ya mahindi iliyoponyoka mkononi. Mwenye kushuka anajua aendako. Makasisi hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo, maana hakuna Mkristo asemaye kwamba Bwana alianguka kutoka mbinguni. Twaweza kusema, basi, kwamba kazi yote ya mwavuli ni kugeuza kuanguka kuwe kushuka.

Kabla ya kwenda mbele hatuna budi kusema neno juu ya ndege. Krapf na Steere walipokusanya maneno ya pwani, hakukuwa na chombo chochote kirukacho ila puto. Hata kamusi ya Madan ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1903, na ndugu wale Wamarekani, Wright, waliruka kwa mara ya kwanza katika Desemba ya mwaka huo huo. Ndege siku hizo alikuwa mwenye manyoya tu. Tena neno hilo lilikuwa na maana ya pili, nayo ni ishara ya njiani: msafiri alipata ndege njema akaendelea, au ndege mbaya akarudi nyumbani. Kisha vita vya 1914 vikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliweka ndege zao Mbuyuni, upande wa Taveta, na katika Juni ya mwaka huo majeshi yao yakaingia Mombo na Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Chombo kipya kikapewa jina la zamani. Lakini lugha haikuchanganyikiwa, kwa kuwa iliweka alama katika sarufi. Yule mwenye manyoya ameruka; ile ya chuma imeruka. Jina ni moja, upatanisho ni mwingine, na kwa herufi chache hizo msikilizaji anajua kama atafute mbegu za kumtupia au shimo la kujificha.

Warukao katika ndege za vita vile hawakuwa na miavuli. Walioipewa ni wale waliokaa katika maputo yaliyofungwa kwa kamba ili kuchungulia adui, na marubani wa Kijeremani waliipata katika mwaka wa mwisho tu. Iko habari moja ya vita hivyo ambayo huwa hatukosi kuwasimulia wanafunzi. Katika Novemba 1917 Wajeremani walituma merikebu ya angani, L59, kutoka Jamboli katika Bulgaria, imletee von Lettow-Vorbeck dawa na risasi. Haikukusudiwa kurudi. Ikifika ingefumuliwa: nguo yake ya nje ifanywe mahema, na ile ya ndani ifanywe bendeji na mavazi. Ilifika Sudani ikaitwa irudi, ikawa imekaa angani saa 95 bila kugusa ardhi. Kama ingefika, askari wa nchi hii wangevaa nguo iliyotoka mbinguni miaka 27 kabla ya ndugu zao kuiona ikishuka Burma, kama tutakavyoeleza.

Maneno mengine ya angani yalipatikana kwa njia ile ile, kwa kupandisha juu yaliyokuwako chini. Rubani alikuwa mtu wa bahari, yule ajuaye miamba na mikondo ya kuingilia bandarini. Abiria alikuwa wa chombo, kisha akawa wa gari la moshi, kisha wa ndege, bila kubadili jina. Kupaa tulikujua kanisani. Lakini lililo zuri kuliko yote kwetu ni kutua. Mpagazi aliyepanda kutoka Mombo na mzigo kichwani hakuwa na neno tamu kuliko hilo: kutua ni kuushusha mzigo, kupumzisha shingo. Jua nalo hutua jioni, likiisha safari yake. Leo ndege hutua, na mwenye mwavuli hutua. Lugha imeona katika yote manne jambo moja, uzito uliofika mahali pa kupumzika.

Twafika Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kwanza Ceylon, kisha mwaka 1944 ikaingizwa katika vita ya kuwafukuza Wajapani. Ndani yake walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Vikosi vya 26 na 36 vya KAR vilikuwa vya Tanganyika. Katika kambi zao lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili, si kile cha vitabu bali kile cha jeshi, chenye sarufi iliyokonda lakini chenye kufahamika. Njia yao ilikuwa bonde la Kabaw, na waliteremka nalo tangu Agosti wakati wa mvua za masika za huko, ambazo mtu wa Usambara asingeziita mvua ila gharika. Bonde lilikuwa na malaria na homa ya kupe wadogo, na tope lilizamisha magari hadi ekseli. Magari hayakuweza kuwafikishia chakula. Basi chakula kikaja kwa hewa.

Wasomaji na wafikiri maana yake. Mtu aliyelelewa akijua kuwa chakula hutoka katika ardhi, kwa jembe na kwa kungoja, alisimama katika uwazi uliofyekwa msituni akitazama juu. Ndege zilipita chini chini, na katika milango yake mizigo ilisukumwa nje. Mchele na vingine visivyovunjika vilidondoshwa hivi hivi, katika magunia mawili mawili, moja ndani ya lingine, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Risasi, dawa na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miavuli. Ikiwa mawingu yalifunga bonde, ndege hazikuja, na watu walipunguza posho. Si ajabu kwamba katika jeshi lile mwavuli haukuwa neno la fahari. Ulikuwa chungu cha jioni, na kwa aliyejeruhiwa ulikuwa uhai.

Miavuli haikutosha. Hariri ilikuwa adimu na vitambaa vipya vilihitajiwa Ulaya. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliamuru itengenezwe ya juti katika viwanda vya Calcutta, vile vile vinavyofuma magunia. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 aliandika kuwa mwavuli wa juti uligharimu zaidi kidogo ya pauni 1, na ule wa kawaida zaidi ya pauni 20, na kazi yake ilikuwa karibu sawa kwa mizigo, ingawa hakumwekea mtu uhai wake juu yake. Habari hii huwagusa sana watu wa kwetu. Mabonde yote ya chini ya milima hii, kutoka Mombo na Korogwe hadi Tanga, yalikuwa mashamba ya katani, tangu Hindorf alipoleta miche ya kwanza mwaka 1893, na hakuna nyumba isiyojua gunia na kamba. Magunia, ambayo katika Maandiko ni vazi la toba na la msiba, yakawa huko Burma hema iliyofunguka juu ya mkate. Askari wa Tanganyika aliyekuwa amekata katani kabla ya kuandikwa jeshini asingepata shida kuutambua uzi ule mgumu, ingawa mmea wake ni mwingine.

Divisheni ilifika Kalewa mwanzo wa Desemba 1944, ikauvuka mto Chindwin. Mwaka 1945 na 1946 watu walirudi makwao.

Lakini neno likiwa limekua halichagui liende wapi. Tarehe 24 Novemba 1964, alfajiri, askari 320 wa Ubelgiji walijirusha kutoka katika ndege 5 za Marekani juu ya uwanja wa Stanleyville, mji uitwao sasa Kisangani. Waasi walioushika mji walijiita kwa neno la Kiswahili, Simba, nao walikuwa wamewashika wageni mamia kwa mamia kuwa dhamana. Miavuli ilipoonekana waliwatoa baadhi yao barabarani wakawapiga risasi. Na miongoni mwa waliokufa siku ile alikuwamo Dakta Paul Carlson, mmisionari mganga. Wengi waliokolewa. Wakongo waliokufa katika mambo yale, kabla na baada yake, walikuwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa katika magazeti ya Ulaya. Serikali nyingi za Afrika, na Mwalimu Nyerere mmojawapo, zilikasirika kwa kuona majeshi ya kigeni yameshuka katika nchi huru bila kupita mlangoni. Mei 1978 jambo la namna hiyo lilitokea tena Kolwezi, safari hii kwa askari wa Ufaransa. Katika miji hiyo yote miwili Kiswahili husemwa. Basi lile neno la uvuli likapata uso wa pili. Aliyesikia redioni kuwa "askari wa miavuli wameshuka" hakufikiri habari ya kujikinga na jua. Na sisi tunaofundisha hatuna haki ya kuuficha uso mmoja tukaonyesha mwingine.

Yabaki shida moja ya lugha, nayo ni ya kweli, tofauti na ile ya wino mwekundu. Kitenzi kuruka chatumika kwa chura na kwa mwewe. Maana yake ni kuchupa, tena ni kwenda kwa mbawa. Mtoto akiandika, "Rubani aliruka saa kumi na mbili," hatujui kama aliiondoa ndege uwanjani au aliiacha angani ikiwaka moto. Tofauti hiyo si ndogo kwa jamaa za rubani. Wengine husema "aliruka kwa mwavuli", na hiyo yatosha mara nyingi, ila yaweza kumfanya msikilizaji adhani mwavuli ndio uliompandisha. Sisi twapendelea kujirusha kwa kile kitendo cha kutoka mlangoni, kushuka kwa safari yenyewe, na kutua kwa mwisho wake; na kwa mizigo, kudondosha ikiwa haina mwavuli na kushusha ikiwa nao. Kwa nguo yenyewe tunayo kukunja na kukunjua. Hayo tuyashike yasipotee, maana uhai wa mwenye kuruka umo katika mkono wa yule aliyekunja.

Tangu miaka ya 1960 umetokea mwavuli wa namna nyingine, uliobuniwa na Domina Jalbert wa Marekani. Huo si wa duara. Umeshonwa tabaka mbili zenye vyumba katikati, hewa huingia kwa mbele na kuuvimbisha kama godoro, na mwenye kuuvaa huvuta kamba akageuka kulia au kushoto apendavyo. Ndio utumiwao leo na watalii wanaojirusha juu ya ufuo wa Diani, kusini ya Mombasa. Huo hauna umbo la mwavuli hata kidogo, bali la bawa, na mvuvi wa Diani autazamapo ukikata hewa kwa ubavu huenda akaona ni tanga zaidi. Tungependa kujua watu wa huko wauitaje wao kwa wao, na kama jina la zamani limeshika au limeanza kuachwa. Mwalimu yeyote wa pwani aliye karibu na asikilize, aandike alivyosikia kinywani mwa watu, si alivyoona katika kamusi, atuletee.